Nyusi za Rena

Samarkandi, Jumapili, 14 Februari 1971
Asubuhi ukungu. Theluji ya juzi imebaki juu ya kuta tu. Chini ni tope.

Mdogo wangu Burkho,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, afya. Sisi hatujambo. Mume wangu Ilyau yupo. Mguu wa mama mkwe wangu umepona, ila mwenyewe hajakubali, kwa hiyo bado anachechemea wageni wakija. Kliniki wameniongezea mtaa wa pili. Sasa masjala yangu ina kadi elfu nne za wagonjwa, na sijaona hata mmoja anayekumbuka tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa jambo lenyewe. Rena amechumbiwa. Usishtuke, ni yule yule Amnun, mwana wa Bi Bakhmal mshona majoho. Jumanne walikuja kula vitamu vya uchumba. Tuliandaa halua sahani tatu, lozi za sukari na zabibu kavu. Bakhmal alionja kila kitu na kusema, "Si mbaya," maneno ambayo kwake ni shairi. Kisha akaweka bakuli la chai chini, akauliza, "Na nyusi za mwali ataanza kuzitinda nani?"

Unazijua nyusi za mwanangu. Miaka ishirini hazijaguswa, kama inavyompasa msichana wetu, nazo hazikuipoteza nafasi hiyo: zimekutana katikati kama majirani wenye umbea. Masharti pia unayajua, lakini Bakhmal aliyasoma upya kana kwamba ameyatunga yeye. Anayevuta unywele wa kwanza awe ameolewa mara moja tu, mumewe yu hai, wanalala chini ya paa moja, na watoto wao ni wazima. Mjane hashiki uzi wa kutindia. Aliyeachwa ndiyo kabisa, mkono wake utamwambukiza mwali kama surua. "Mimi mwenyewe mjane mwaka wa kumi na tano," akasema, "na sijaugusa uzi wa mwali hata mmoja. Sasa nani ataugusa asiyestahili?"

Rena hakusubiri niulizwe mimi. "Mama mdogo Burkho," akasema.

"Yule wa Kokandi? Mumewe yupo?"

Nikasema yupo, seremala, kifua kama mlango wa sinagogi. Bakhmal akasema vizuri, aje naye amwone. Kwa hiyo mlete Hizkiyo, akaguliwe kama cheti.

Kutinda ni Jumatatu, tarehe 7 Juni, na harusi ni Jumatano yake. Kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma hatuozeshi, na kabla ya Pasaka Bakhmal anasafisha nyumba, hana nafasi ya kupokea mkwe. Nijibu upesi nipate kuandika jina.

Dada yako,
Bulor


Kokandi, 9 Machi 1971

Dada Bulor,

Salamu kwako na kwa nyumba nzima, na kwa ule mguu. Barua yako ilifika imelowa upande mmoja. Nadhani ilikuja kwa miguu. Hapa baridi imeondoka bila kuaga. Avner ameng'oka meno mawili. Zoya amepata alama za juu katika Kirusi, na sasa anatusahihisha sote hata tunapoota. Jirani hajambo. Kuku hawajambo. Paa lilivuja mwezi uliopita, nikapanda mwenyewe nikaliziba kwa udongo na makapi. Majirani walikusanyika chini kuniangalia, mmoja alikuja na mbegu za alizeti kabisa za kutafuna.

Mpe Rena hongera zangu, mbusu kwenye hizo nyusi kabla hazijaondoka. Kuhusu uzi, ni heshima kubwa, asante. Ila Juni ndipo aprikoti zinaiva, na kiwandani kwetu mwezi huo hawatoi ruhusa hata ya kufa. Mbona msimchukue Yafa, jirani yenu? Ana mume, ana watoto sita, ana na mikono miwili.

Watoto wanakusalimu. Kuku pia.

Burkho


Samarkandi, Jumapili, 28 Machi 1971
Manyunyu tangu alfajiri. Mforosadi wa uani umeanza kuchipua.

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo, mguu haujambo, mwenye mguu analalamika. Tumeanza kusafisha kwa ajili ya Pasaka. Jana nimetoa makombo ya mkate ndani ya kitabu cha jiometri cha Rena, na namshukuru Mungu kwamba angalau kilifunguliwa.

Nimelifanyia kazi pendekezo lako. Yafa ana mume, kweli. Majira ya baridi alimrushia bakuli la supu, naye mume akarudisha kijiko. Bakhmal anasema ndoa hiyo ni kamili. Mazol wa kona naye ana mume, aliye hai kwa sababu tu hajawahi kukaa nyumbani muda wa kutosha kufa. Huyo pia ni kamili. Nimempa Rena majina yote mawili. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. "Mama mdogo alinifundisha kusuka nywele," akasema. "Hao wawili walinifundisha matusi."

Basi nikafungua daftari langu. Tangu Mwaka Mpya wetu, ule wa Oktoba, umeniandikia barua nne. Katika ya kwanza wamenisalimu watoto na jirani. Katika ya pili watoto. Katika ya tatu watoto, na mwalimu wa Zoya ambaye hata simjui. Katika ya nne watoto na kuku. Shemeji Hizkiyo hajanisalimu. Mimi ni mtu wa masjala, Burkho. Kadi inayokosekana naiona kabla ya zile zilizopo. Isitoshe, mke wa seremala hapandi paa na ndoo ya udongo.

Anaumwa? Mmegombana? Au amesahau kuwa nipo? Aprikoti usiniandikie tena. Nilipiga simu kiwandani kwenu kwa simu ya kliniki, na karani wenu, mtu mwenye adabu sana, ameniambia ruhusa ya harusi ni siku tatu.

Bulor


Kokandi, 2 Mei 1971

Dada Bulor,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kwanza ilikuwa Pasaka. Baadaye sikutaka.

Hizkiyo ana afya ya punda. Yuko Namangani, katika nyumba yenye bomba la maji ndani, pamoja na mshona kofia aitwaye Istam. Simjui, ila kwa kazi ya kofia na kwa kazi ya Hizkiyo lazima awe na subira. Septemba, wiki moja kabla ya Mwaka Mpya wetu, wazee walikaa sebuleni kwangu, mwandishi akaandika mistari yake kumi na miwili, Hizkiyo akaniangushia hati ya talaka viganjani. Nikaitia kwapani nikatembea nayo hadi ukutani na kurudi, kama inavyotakiwa. Mwandishi akasema natembea vizuri. Hiyo ndiyo sifa ya mwisho niliyopata katika ndoa ile, na ya kwanza kwa miaka kadhaa.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyemchagua. "Seremala, Burkho," ulisema, "hutakosa pa kukaa." Ni kweli. Nina viti sita.

Na kabla hujaanza kunionea huruma kwa mwandiko wako ulionyooka, nikuulize. Unywele wangu wa kwanza alivuta nani? Marehemu shangazi Oshcho, mwanamke ambaye ndoa yake ilikuwa tamu kuliko halua, mumewe akimmenyea komamanga punje kwa punje mpaka anaingia kaburini. Mkono ule ule ulitinda na zako. Hebu niambie, wewe unayeandika kila kitu: ile bahati ya Oshcho ilitoka kwenye uzi ikaenda wapi?

Nikija, nitakuja kama mgeni. Nitakaa nyuma, karibu na birika, nipige makofi. Rena usimwambie; msichana asiingie kwenye ndoa akiibeba yangu. Mwambie Bakhmal nina upele mikononi.

Burkho


Samarkandi, Jumapili, 16 Mei 1971
Jua kali tangu saa moja. Forosadi zinaanguka, ua mzima unanata.

Mdogo wangu Burkho,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa aibu, ya tatu ili nijue pa kuiweka. Watoto uwabusu. Kuku uwaache.

Kuhusu seremala, nilikosea. Nimeliandika daftarini pamoja na tarehe, na hutalisikia mara ya pili.

Swali lako kuhusu Oshcho ni la kihuni, lakini nitalijibu. Ilyau yupo. Yupo kama kabati lilivyopo. Tangu Novemba 1960 hajanisemesha neno. Akiwa mezani husema, "Rena, mwambie mama yako chumvi imezidi," nami husema, "Rena, mwambie baba yako mtungi wa maji uko pale pale." Sababu naijua, naye anaijua, na hapa siiandiki. Sasa Rena anaolewa, na sijui habari za chumvi nitazipata kwa nani.

Katika miaka hiyo nimevuta unywele wa kwanza wa wasichana tisa. Bakhmal mwenyewe alinialika kwa binti wa dada yake, akanisifu mbele za watu. Mimi ni kamili, Burkho. Nimeolewa mara moja, mume yu hai, paa ni moja. Hakuna sharti linalouliza kama chini ya paa mna ukuta.

Rena nimemwambia habari zako. Usikasirike, angezisikia Samarkandi kabla hujashuka kwenye treni. Za kwangu hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa yeye ndiye tarishi. Akasema, "Atanitinda yeye, au nitaolewa na nyusi zangu."

"Bakhmal atavunja."

"Basi atakayevunja ni yeye, si mimi."

Nikamuuliza habari za Amnun. Akasema Amnun anampenda. Ni kweli, lakini kijana yule hajawahi kumpinga mama yake hata kuhusu kofia. Na mwanangu anamtaka yule kijana. Nimemwona anavyochungulia langoni kila saa kumi na moja jioni, Amnun anapopita, akidai anaangalia kama mvua itanyesha. Tangu Mei ianze.

Basi hali ndiyo hiyo. Ukishika uzi, huenda hakuna harusi. Usiposhika, mwali hakai kitini. Sikushauri wala sikuombi. Treni ya Kokandi huingia saa mbili asubuhi. Bakhmal sijamwambia lolote, hata upele.

Bulor


Simu ya maandishi, Kokandi, 4 Juni 1971

NAFIKA JUMATATU. APRIKOTI ZIMENIRUHUSU. SIAHIDI KITU. BURKHO


Daftari. Samarkandi, Jumatatu, 7 Juni 1971
Asubuhi joto, hakuna upepo. Vumbi hadi kwenye birika.

Hii ingekuwa barua, lakini wa kuandikiwa yuko chumba cha pili, kitandani pamoja na Rena, anakoroma. Naandika hapa.

Treni iliingia saa mbili na dakika arobaini. Burkho alishuka na kikapu cha aprikoti na viatu vipya vinavyombana. Tuliangaliana. Amekonda. "Umenenepa," akaniambia, tukaenda nyumbani.

Saa nane wanawake walikuwa wamejaa sebule, niliwahesabu thelathini na wanane. Rena alikuwa kitini karibu na dirisha, amefunikwa shuka nyeupe. Yafa alikuwa na dufu. Bakhmal aliingia na sinia la fedha, juu yake uzi mweupe na bonge la sukari, akaliweka mezani, akapeleka macho moja kwa moja hadi kwenye birika, alikokaa Burkho.

"Burkho, karibu Samarkandi. Na mzee yuko wapi tumwone?"

"Yuko Namangani, Bi Bakhmal."

"Kikazi?"

Burkho alikuwa amefunguliwa mlango mpana. Neno moja tu, ndiyo, na tungekula pilau saa tisa. Nilimwona akiutazama ule mlango.

"Hapana," akasema. "Yuko na mke wake."

Yafa akalilaza dufu mapajani.

"Mke wake si wewe?"

"Nilikuwa. Hati ilipita mikononi mwangu Septemba. Mistari kumi na miwili, mwandiko mzuri."

Bakhmal akachukua kitambaa akalifunika sinia. Hakupandisha sauti, hilo namwandikia. "Si ubaya, mwanangu. Mimi mwenyewe siushiki uzi huu, sembuse wewe." Akamgeukia Rena. "Chagua mwingine, binti yangu."

"Sina mwingine."

"Basi hatuna Jumatano."

Akanyoosha mkono kwenye shali yake. Rena hakusogea, lakini chini ya shuka niliona ngumi zake mbili. Hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, na mimi hata kuoga hupanga.

"Bi Bakhmal, binti wa dada yako nilimtinda mimi, mwaka sitini na sita. Anaendeleaje?"

"Watoto watatu, Mungu awalinde."

"Siku ile nilipomtinda, Ilyau alikuwa hajanisemesha kwa miaka sita."

"Tunajua," akasema Bakhmal.

"Mnajua?"

"Mtaa mzima unajua, Bulor. Lakini yupo."

Nikawatazama. Thelathini na wanane, kila mmoja amepata kitu cha kuangalia kwenye zulia. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafunga madirisha wakati wa kula.

"Haya," Bakhmal akasema, shali mkononi. "Asimame aliye kamili, tumalize kazi."

Hakusimama mtu. Yafa alilichunguza dufu lake kana kwamba limetoboka. Mazol alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Bibi harusi mmoja wa mwezi wa Februari akaanza kuinuka, mama mkwe wake akamvuta sketi. "Kaa chini. Wewe bado hujui kama u kamili." Sijui kama ilikuwa ni kumpenda Rena au kuogopa kukaguliwa. Naandika yote mawili.

Rena akatoa mkono kwenye shuka, akakifunua kitambaa, akachukua uzi, akaunyoosha kuelekea kwenye birika.

"Mama mdogo, njoo. Pilau inapoa."

Burkho alikuja akichechemea kwa sababu ya vile viatu. Akauzungusha uzi kwenye vidole, ncha akaishika kwa meno, akainama. "Itauma," akasema, uzi mdomoni. "Ninajua," Rena akasema. Akavuta. Chozi likamtoka Rena, na vigelegele vikapigwa, kwanza na watu watatu hivi, kisha na wote. Bakhmal alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na shali yake, hajaondoka, hajakaa.

Kutinda kulichukua dakika thelathini na tano. Burkho alicheka muda mwingi, na alipokuwa hacheki alikuwa anajifuta macho kwa kiwiko, kwa hiyo kazi haikuwa safi. Alipomaliza, Bakhmal akakaribia. Nilidhani anakuja kuaga. Akamshika Rena kidevu, akamgeuzia dirishani, akaukunja uso kama anavyoangalia pindo la joho.

"Wa kushoto umepanda."

"Nitaushusha," Burkho akasema.

"Utauharibu. Mwanangu ataamka kila siku anaangaliwa kama ameulizwa swali." Na akautwaa uzi kwenye vidole vya Burkho, akashika ncha kwa meno, akavuta unywele mmoja, wa pili, wa tatu.

Hapo ndipo alipoona alichokishika. Chumba kizima kiliona. Shali ilikuwa imeanguka kwenye bakuli la halua na hakuna aliyethubutu kuiokota. Rena alikuwa amefumba macho, uso umeinuliwa, anangoja.

Bakhmal akavuta wa nne.

"Si unywele wa kwanza," akasema, bila kumtazama mtu. Akamaliza upande ule, akaupuliza, akahamia wa kulia kwa sababu sasa haukulingana. Kisha akaidai shali yake, akauliza ni nani aliyeitia kwenye halua, akaniambia kwamba Jumatano ni saa kumi kamili na jamaa zangu wana tabia ya kuchelewa.

Pilau ilikuwa imepoa. Walikula yote.

Walipoondoka, Burkho alivua viatu akaweka miguu yake juu ya mapaja yangu, kama zamani. "Ningeweza kusema ni kikazi," akasema.

"Ningekuunga mkono."

"Ndiyo maana sikusema."

Rena alipita na kioo, akakirudisha, akakichukua tena. Hakwenda langoni leo. Amnun haruhusiwi kumwona mpaka Jumatano. Alikaa kwenye ngazi akijigusa juu ya macho kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayesoma kwa kupapasa.

Nimeongeza asubuhi: taa nilizima saa nne. Usingizi ulikuja saa sita kasoro dakika kumi.